Usisaini, mwanangu

Morogoro, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Sisi wazima, ila mguu wa mama yako bado. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata. Shangazi yako alipita jana, akanywa chai vikombe viwili, na alipokuwa anavaa viatu ndipo akasema lililomleta: eti Jumatatu ukishafika Dar unasaini mkopo wa shilingi milioni 6 kununua vyombo vya studio, marejesho kila wiki, na kaka yako kakubali kukudhamini. Wewe uliyenisema mimi kwa ajili ya kausha damu mwaka juzi, mbele ya watu!

Usisaini kwanza.

Humu kwenye boksi kuna redio kaseti yangu, nimeifunga kwa kanga, na kanda imo ndani yake. Ni Nebraska, albamu ya Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa Marekani. Jina umelisikia kwangu hadi umechoka, lakini hukuwahi kukaa ukaisikiliza. Ulikuwa ukisema inalia kama mtu anakaanga vitumbua chumba cha pili.

Hata mimi nilidhani ni mbovu. Mwaka 1986 aliniletea kwenye kibanda changu cha kunakili kanda Mmarekani mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu, anataka nakala. Nikabonyeza, nikasikia shwaaa. Nikajua hedi, kile kichuma kinachosoma kanda, imechafuka. Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua hedi, nikasugua na kile kigurudumu cha mpira, pamba ikatoka nyeupe. Nikabadilisha deki. Shwaaa ile ile. Yule mwalimu akacheka, akasema ndivyo ilivyorekodiwa. Nikampa nakala yake, na mimi nikabaki na yangu. (Najua, nakala za jasho la watu. Ndizo zilizolipa ada zenu.)

Huyo Springsteen tayari alikuwa anajaza kumbi kubwa Marekani na Ulaya. Kati ya Desemba 1981 na Januari 1982 alikaa chumbani, nyumba ya kupanga, Colts Neck huko New Jersey, akiwa na maiki mbili za Shure SM57 na mashine ya TEAC inayotumia kanda hizi hizi tulizokuwa tukiuza kibandani. Kanda ina njia nne za sauti, mbili kila upande. Tofauti ni kwamba ile mashine inatumia zote nne kwa mkupuo, upande mmoja, na inazungusha kwa kasi maradufu, kwa hiyo kanda ya dakika 60 inakupa 15 tu. Sauti na gitaa alivirekodi pamoja. Zikabaki njia mbili za kuongezea sauti ya pili, gitaa jingine au tari. Akapitisha kwenye chombo cha mwangwi, akakusanya yote kwenye redio kaseti ya Panasonic. Hiyo kanda akatembea nayo mfukoni wiki kadhaa bila hata kasha! Ningekuwa baba yake ningemchapa.

Ilikuwa ya kuonyesha bendi tu. Wakaingia studio New York na bendi nzima, wakazipiga upya nyimbo zile, nyingi zikafa. Wakarudi kwenye ile kanda ya mfukoni. Mafundi walihangaika mno kuihamishia kwenye sahani ya santuri, na Septemba 1982 ikatoka. Sasa niambie, mkopo uko wapi hapo?

Isikilize usiku, taa ukiwa umezima, na kwa hiyo redio, si kwa simu. Gitaa liko karibu hata unasikia vidole. Sauti nayo inaanzia karibu, halafu mwangwi unaivuta nyuma, kama mtu anaimba ndani ya ghala ambalo pamba imekwisha. Kuna wimbo gitaa linagonga vilevile mwanzo hadi mwisho kama injini usiku, hakuna kinachoongezeka, wewe unasubiri tu, kisha anapiga yowe. Mara ya kwanza niligeuka kutazama mlango wa kibanda.

Wimbo wako ule wa mvua niliusikiliza kwenye simu ya jirani mara nne. Sikukuambia. Unaimba vizuri kuliko ninavyokusifia. Lakini prodyuza wako kakata pumzi zako zote, akamwaga biti juu, nikawa nakutafuta humo ndani sikuoni. Vyombo vya milioni 6 ndivyo alivyonavyo yeye, siyo? Nunua maiki moja nzuri, omba kompyuta ya kaka yako, pigilia blanketi ukutani. Marejesho ya kila wiki hayajui kama wiki hii koo limekauka.

Halafu ile kanda yako ya kwaya, ulipokuwa na miaka saba, usimsumbue mama yako kuitafuta. Ipo. Vimeno vyake vya juu nilivivunja mwenyewe ili mtu asirekodi juu yake. Siku ya Simba na Yanga sikuwa na kanda tupu, na solotepu ya kuziba pale nilipovunja ilikuwa mezani. Upande mzima ni mtangazaji. Mwisho kabisa, mpira ukishaisha, umebaki ubeti mmoja na nusu.

Kuku mweupe ametotoa saba, mmoja kachukuliwa na mwewe. Bati la jikoni nimeziba kwa lami, linavuja pembeni sasa. Na hati ya kiwanja msihangaike kuitafuta wewe na kaka yako, nimeihamisha.

Jumapili basi lenu likisimama stendi ya Msamvu, teremka hata dakika mbili. Nitakuwa pale na mchele wa mama yako, kilo 10, na ile kanda ya kwaya. Redio uipakate, usiiache iwekwe kwenye buti. Na kabla ya hapo usisaini kitu.

Baba yako