Salamu za shukrani kwa waliotusaidia kumsitiri swahiba wa nyumba yetu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa idhini ya mjane na watoto wa marehemu, sisi familia ya swahiba wake tunatoa shukrani kwa majirani, jamaa na waumini wa msikiti wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam. Marehemu hakuwa wa damu yetu. Watoto wetu walimwita baba mkubwa, na shughuli ikiwa kwetu alikaa upande wa wenyeji. Mauti yamemkuta ghafla, baada ya alasiri, bila kuugua.

Kwanza tunamshukuru dada muuguzi na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Wengine walitaka kumkalisha, wengine kumnywesha maji ya sukari. Dada akakataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu kinywaji kwa asiye na fahamu huingia njia ya hewa. Aliyeanguka, haitikii wala hapumui kawaida, hulazwa chali pahala pagumu, kifua kikabanwa katikati kwa mikono miwili, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachwa kirudi juu kila mara. Vijana walipokezana kila dakika 2, maana anayebana huchoka kabla mwenyewe hajatambua, na mikono ikilegea damu haifiki kichwani. Siku yake ilikuwa imefika. Lakini mjane anajua kwamba mumewe hakuachwa hivi hivi, na hilo kwake si dogo.

Shukrani kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kwa kutuelekeza tusiguse maji mpaka daktari auone mwili na kibali cha mazishi kitoke. Haraka ya kumsitiri maiti tunaijua. Ila kifo cha ghafla nyumbani kina maswali yake, na maiti akishaoshwa, alama anazozitafuta daktari huenda na maji. Hapo mazishi yanaweza kusimamishwa watu wakiwa tayari wamejipanga kuswali. Hapa pia ndipo sisi marafiki tungeharibu. Tulimjua kwa jina la mtaani, na ndilo lililokuwa linatutoka mdomoni. Mwanawe alileta kitambulisho cha Taifa, majina yakaandikwa herufi kwa herufi. Kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30, na jina la hati ya kifo likipishana na la benki au la hati ya kiwanja, mirathi hukwama kwenye viapo vya kurekebisha majina.

Kwa waosha maiti na wachimba kaburi, hatuna cha kuwalipa. Mliosha kwa witri, yaani mara zisizogawika kwa mbili, maji ya majani ya mkunazi kwanza, ya mwisho yenye karafuu maiti, mwili ukiwa umefunikwa kitovu hadi magoti muda wote. Sanda ya bafta vipande vitatu, na vifundo vikafunguliwa mwanandanini, ndani ya kaburi anapolazwa maiti. Mlipogundua mchanga unamomonyoka mlisimama, mkapanga mbao upya kabla ya kufukia. Asiyejua angefukia tu, na mvua ya kwanza kaburi lingetitia.

Kina mama wa mtaa walipika majumbani kwao, kama Mtume alivyoelekeza kwa jamaa wa Jaafar, kilo 1 ya mchele kwa watu 8, wafiwa wasishike mwiko. Ubani, yaani michango ya rambirambi, ulipokewa na watu wawili kwenye daftari moja, kisha ukakabidhiwa mjane pamoja na daftari lenyewe. Tunawashukuru pia mliotupa mkono wa pole sisi tusio ndugu. Rafiki msibani hana nafasi yake. Hujikuta akihesabu viti na kutafuta turubai ilhali naye moyo umevunjika. Nyinyi mlitukalisha.

Simu ya marehemu ilizimwa na kukabidhiwa mwanawe mkubwa. Kuna aliyejua namba ya siri na akashauri zitolewe fedha za sanda, tulikataa. Fedha zilizomo ni mali ya mirathi, na anayezitoa kwa nia njema leo ataulizwa kesho na warithi akiwa hana karatasi. Gharama za mazishi na madeni hutangulia, wasia usizidi theluthi, kisha warithi. Kwa hiyo mwenye kumdai, mwenye kudaiwa naye, au aliyewekewa amana, aende kwa mwanawe akiwa na maandishi au shahidi. Sisi tuna amana yake moja, cherehani, na tumeshaisema mbele ya ndugu zake.

Mama yetu mjane yumo ndani ya eda, miezi 4 na siku 10. Marafiki wa kiume tunaomba tuishie barazani. Msaada wowote upitie kwa kaka yake au kwa kina mama. Wengi huleta wiki ya kwanza, vyakula vikaharibika, mwezi wa pili nyumba ikakauka. Mwenye nia ya kuleta unga au mafuta na achague mwezi, amwambie kaka mtu.

Masufuria matatu yenye alama ya rangi nyekundu na majamvi mawili bado yako kwetu. Wenyewe tunaomba waje kuvichukua, vimeshaoshwa.