Athmani, usije kwanza

Pangani, Nairobi
Jumanne usiku

Kwako Athmani,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, watoto wazima, mvua za vuli zimeanza na njia ya kuingilia kwetu ishakuwa tope. Salamu zitoshe hapo. Barua hii inakuja ndani ya kifurushi nilichokipakia kwenye basi, pamoja na swichi ya pampu niliyokutafutia Kirinyaga Road, mpira wa maji wa inchi moja na klipu zake. Ningepiga simu, lakini kwenye simu huniachi nikamaliza neno. Hapa utasoma mpaka mwisho, upende usipende.

Mashua nimeiona. Kombo alinitumia video mlivyoishua, watu wanavuta, wewe umesimama kifua wazi unatoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Ilivyokaa majini imenipendeza, haikulala upande, omo, ile pua ya mbele, imeinuka kidogo kama alivyotaka Mzee Bwanaheri, Mungu amrehemu. Nilimwita Mama Salma aje aone, akauliza mbona haina viti vya kuegemea. Hongera sana, ndugu yangu. Miaka yote ile ya kukopa misumari haikupotea bure.

Sasa ujumbe wako wa pili, ndio ulioninyima usingizi. Kwamba Alhamisi unaifunga gatini, unamwachia mlinzi pesa ya chai, unapanda treni kuja harusini, na Jumatatu ndiyo unarudi. Athmani! Chombo hata wiki hakijamaliza majini. Usije.

Nayasema haya mimi, baba yake bibi harusi, ambaye jina lako nimeliandika juu kabisa kwenye orodha ya wageni kabla ya shemeji zangu. Kwa hiyo pima mwenyewe.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba mbao zile zilikaa nchi kavu karibu mwaka mzima ukitafuta pesa ya injini. Zimekauka, zimesinyaa, na kila mwanya Fundi Shee ameushindilia kalafati ya pamba. Lakini kalafati peke yake haijawahi kuzuia bahari. Kinachozuia ni mbao yenyewe ikinywa maji, ikavimba, ikaibana ile pamba. Hilo halifanyiki siku moja. Mashua mpya ni mtungi mpya tu, lazima utoe jasho kwanza, nawe uwe karibu unapangusa. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na haraka baada ya kushua. Mtu alilala kandokando ya chombo chake na ndoo mkononi, na mke nyumbani hakuuliza.

(Wale wa Lamu waliounda jahazi la plastiki chakavu, Flipflopi, wakalishua mwaka 2018, angalau mbao zao hazina kiu. Zako zina kiu.)

Kombo anasema ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, inaingiza maji "kidogo tu". Kidogo ndiyo nini? Kombo huyuhuyu alisema Bi Rukia anadai kidogo tu, tukafika pale tukakuta daftari zima. Mimi nataka hesabu ya ndoo. Ndoo ya lita 20, ngapi alfajiri, ngapi magharibi, uandike ukutani kwa makaa. Zikipungua kila siku, mbao zinafanya kazi yake. Zikibaki palepale, pana mwanya uliosahauliwa. Zikiongezeka, hiyo si mbao tena, ni kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho ninachokiogopa hasa.

Maana safari hii hukuunda mashua ya tanga tupu. Umetoboa. Pana tundu la shafti ya kuzungusha propela, pana tundu la maji ya kupoza injini, pana la kutolea maji ya pampu. Mbao ikivuja unapata onyo, maji yanapanda taratibu. Mpira ukichomoka kwenye vali haukupi onyo. Nilikaa nikapiga hesabu na yule kijana wa gereji: tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika moja. Kwa dakika, Athmani. Wewe hapo uko Voi, treni imesimama, unanunua njugu.

Na mipira mipya na klipu mpya ndizo za kutazamwa zaidi, kwa sababu hazijapitia joto wala mtikisiko. Zikazwe tena baada ya injini kuwashwa na kupoa. Paking ya shafti, ile ya kuzuia maji pale inapopita, vilevile. Ikiwa mpya hudondosha kupita kiasi, unaikaza robo kwa robo, unangoja, unatazama. Ukiikaza yote siku moja upate kusafiri, itaungua. Tena mwambie fundi wa mashine asijisifu kwamba ameshainyoosha shafti. Aliinyoosha chombo kikiwa juu ya magogo. Kikishakaa majini siku kadhaa umbo lake hubadilika, apime upya.

Najua jibu lako. "Pampu ipo." Ndiyo, ipo, na swichi nimekutumia mimi mwenyewe, ile ya kuelea, inayowasha yenyewe maji yakipanda. Lakini tazama ngama yako ilivyo leo: maranda, vumbi la msumeno, vipande vya pamba, na nina hakika pana kitambaa cha Fundi Shee mahali fulani. Maji yakiingia vyote hivyo huelea, vikaenda kuziba kichujio cha pampu au kunasa chini ya swichi. Hakuna ngama chafu kuliko ya chombo kipya. Halafu betri. Yako ni ya ampea-saa 60, pampu inakula ampea 3 au hapo karibu. Ikifanya kazi bila kupumzika, kwenye karatasi ni saa 20, na betri za duniani hazifiki karatasi inaposema. Wewe unataka siku nne.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: bomba la kutolea maji. Kombo kanipigia picha, naliona liko chini mno, karibu na mstari wa maji. Chombo kikizama kidogo tu kwa uzito wa maji yaliyoingia, lile tundu linazama nalo, na badala ya kutoa linaanza kuvuta bahari kuja ndani. Lipandishe juu kwa mzingo, mpira upite juu kabisa chini ya sitaha ndipo ushuke. Ndiyo sababu ya ule mpira niliokutumia. Si wa kumwagilia mchicha wa Zubeda.

Mlinzi usiniambie. Mlinzi yule ni mtu mwema na nampenda, lakini amewekwa kutazama geti. Maji hayapiti getini.

Halafu kuna mwezi. Umeutazama? Ijumaa ni mwezi mpevu, kwa hiyo harusi nzima ni maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa kupita kawaida. Hapo Mtwapa bahari itapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku, na gati lako ni la nguzo, haliendi na maji. Ukifunga kamba fupi, maji yakipwa mashua inaning'inia. Ukiilegeza sana, itateleza chini ya gati, na maji yakijaa ukingo unanasa kwenye mbao na chombo kinasukumwa chini na bahari ileile iliyotakiwa kukiinua. Kamba za kuvuka, ndefu, za omo na za tezi huko nyuma, na mtu wa kuzitazama usiku wa kwanza wa bamvua. Mtu mwenye macho, sio Kombo.

Unaikumbuka ile nyeupe ya yule Mjerumani, Kilifi? Safari zote zile za Pemba haikudhurika. Ikaja kuzama imefungwa, asubuhi ya Idi, bahari imetulia kabisa, tukaona mlingoti tu. Tulicheka siku ile. Tulikuwa vijana wajinga.

Nimefikiria kuwe na njia ya katikati. Unaweza kuisogeza mchangani, kule ambako maji yakipwa inakaa chini, uiwekee magogo mbavuni. Hapo angalau haiwezi kwenda mbali. Lakini ikijaa maji ndani wakati imekaa, bahari ikipanda haitainuka, na injini ya dizeli ikinywa maji ya chumvi utakuwa umenunua nanga ya bei mbaya. Na kwenye injini ile pana pesa yangu, sisemi mengi. Njia nyingine ni uje kwa treni ya usiku, uhudhurie nikahi Jumamosi, urudi kwa treni ya usiku huohuo. Ni zaidi ya saa tano kila upande, kabla hujahesabu matatu ya kutoka Syokimau na ile ya kutoka Miritini hadi Mtwapa. Utafika kwangu umechoka, utasinzia mbele ya kadhi, na akili yako yote itakuwa ngamani. Mimi naona bora Zubeda aje na watoto, wewe ubaki. Harusi ikipita nitateremka mimi na Salma na mumewe, tuje tule samaki kwako, na wewe umpe mkono huko. Mwanamume gani ataona vibaya kupewa mkono juu ya mashua mpya?

Mama Salma bado sijamwambia. Nikimwambia nitasema ni wewe uliyeamua, kwa hiyo jiandae kwa simu yake na usinigeuke.

Haya, nijibu. Ndoo ngapi leo alfajiri? Vali za bahari unazifunga ukitoka, au umeziacha wazi kama unavyoacha mlango wa jikoni? Fundi Shee yupo au ameshakwenda Faza, na kama yupo, anaweza kulala pale usiku wa Ijumaa akilipwa? Betri iliyopo ni ile mpya au ile ya matatu ya Kombo? Mashua mmeipa jina au bado mnagombana? Zubeda atakuja na treni au basi, nimpokee wapi? Na wale pweza uliosema utaleta, nani sasa atawaleta?

Wako,
Mbwana

Kabla hujaifunga swichi, itie kwenye ndoo ya maji kwanza uone kama inawasha pampu. Muuzaji aliniapia, lakini hata yeye alikuwa anaharakisha kufunga duka.