Unguja hadi Pemba kwa Ndege: Kilomita 125 Huchukua Muda Gani?

Mteja anayefika ofisini kwetu kukata tiketi ya Pemba mara nyingi huwa amekwisha kutazama umbali kwenye simu yake, na swali lake huwa ni hilo hilo: ikiwa mtandao unasema dakika 25, kwa nini tiketi inaonesha muda mrefu zaidi, tena anaambiwa afike uwanjani saa nzima kabla ya ndege kuondoka?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba ulioko karibu na Chake Chake, mstari ulionyooka ni kilomita 125 hivi. Ukurasa mmoja utakuonesha 78 na mwingine 68, na hakuna uliokosea, kwani 78 ni maili za nchi kavu, ilhali 68 ni maili za baharini wanazozitumia marubani, ambazo kila moja ina mita 1,852.

Ndege zinazotumika sana katika njia hii ni ndogo, za injini moja, mfano wa Cessna Caravan, ambayo mwendo wake angani ni takriban kilomita 300 kwa saa. Ukigawa 125 kwa 300 unapata dakika 25 kamili, na hiyo ndiyo hesabu ya mtandaoni. Kasoro yake ni kwamba inaichukulia ndege kana kwamba ilizaliwa angani. Haihesabu kujongea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara wakati ndege kubwa inatua, kupanda, wala kupunguza mwendo kabla ya kufika chini.

Upepo nao husingiziwa kuliko unavyostahili. Wakati wa kusi, ndege inayorudi Unguja huukabili upepo, lakini hata ukivuma usoni kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo hushuka hadi 270 na safari huongezeka kwa dakika 3 tu. Mvua za masika ni jambo jingine, maana wingu zito humlazimu rubani kulizunguka au kusubiri lipite.

Ucheleweshaji mkubwa tunaoushuhudia hutokea ardhini. Baadhi ya ndege hizi huanzia Dar es Salaam, hivyo kilichokwama huko asubuhi humfikia abiria wa Unguja bila yeye kujua sababu. Kisha kuna mizigo: katika ndege ndogo kila kilo huhesabiwa, kiwango cha kawaida ni kilo 15, na begi laini hupakiwa kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Anayerudi kutoka Pemba na ndoo ya asali na furushi la zawadi (na ni nani hurudi mikono mitupu?) atuarifu mapema, asije akajadiliana na mpima mizigo huku wenzake wakisubiri.

Kwa mwenye kuunganisha safari ya nje ya nchi kutoka Unguja, hatumuuzii tiketi ya Pemba inayomwachia chini ya saa 4 kabla ya ndege yake ya pili kuruka, hata akisisitiza. Na anayetoka Wete au Mkoani aongeze mwendo wa barabara wa kilomita 30 hivi hadi Chake Chake, ambao peke yake unaweza kuzidi muda wote atakaokaa angani.