Mzee akichanganyikiwa ghafla msiseme ni uzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni. Mwezi uliopita mama yangu, ana miaka 71, alitoka asubuhi kwenda sokoni Ngamiani hapa Tanga akapotea. Ngamiani jamani, ambako barabara zenyewe zinaitwa kwa namba na hata mgeni hapotei, na yeye kakaa hapo tangu aolewe. Kijana wa bodaboda anayemfahamu ndo alimkuta kasimama njiani, jasho linamtiririka, anauliza kwao ni wapi. Alivyofikishwa nyumbani akaniangalia usoni akaniuliza, "We mtoto wa nani?"

Basi maneno yakaanza, jirani anasema kapandwa na jini, shangazi anasema ndo uzee huo tuzoee tu, na zahanati tuliyompeleka kwanza wakauliza umri wakatuambia hivohivo, uzee, mrudisheni akapumzike. Hakuna aliyemtoboa hata kidole! Tulipofika hospitali nesi alianza na kipimo cha sukari, ikasoma 2.4, wakati ikifika chini ya 3.9 tayari imeshuka, na ikienda chini ya 3 ubongo unakosa chakula chake, mtu anaanza kuongea asivyoeleweka. Kumbe mama alimeza kidonge chake cha kisukari, glibenklamaidi, kile cha kushusha sukari, akanywa chai ya rangi tupu akaondoka. Wakamtundikia dripu ya glukosi, haikupita robo saa akaniita kwa jina langu la utotoni, akauliza mbona tumemzunguka hivi, kuna msiba gani. Nililia pale pale. Walimlaza mpaka kesho yake kwa sababu dawa ile kwa wazee inakaa sana mwilini na sukari inaweza kushuka tena.

Daktari alituambia usahaulifu wa uzeeni unakuja taratibu, miezi na miaka, lakini mtu aliyekuwa vizuri jana na leo hajui alipo, huyo anaumwa, na inaweza kuwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee wakati mwingine haileti hata homa, au malaria, nimonia, kukosa maji kwenye joto hili la kwetu, kiharusi, hata dawa mpya aliyoanzishwa. Nyingi zinatibika zikiwahiwa.

Kwa hiyo naomba zahanati zetu, yoyote anayeletwa amechanganyikiwa apimwe sukari kwanza, ni tone moja la damu na sekunde chache. Na nyumbani, kama mgonjwa anatumia dawa za sukari na bado anameza vizuri, mpeni maji yenye vijiko vya chai vitatu vinne vya sukari huku mnatafuta usafiri, ila akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa.

Mama saivi anakula kwanza ndo anameza dawa, na sokoni anaenda mwenyewe. Akichelewa kidogo tu mimi natoka nje kumwangalia.

Msomaji wako,
Tanga