Shukrani kwa uliyemsaidia binti yangu hesabu

Wewe uliyekaa na binti yangu kwenye zile hesabu za aljebra na jiometri, hukutaja jina lako, basi nakushukuru hapa hapa, hadharani.

Ungeweza kumpa majibu tu akanakili. Hukufanya hivyo. Kwenye 3x + 7 = 22 ulimuuliza kwanza aondoe nini, na kwa nini aondoe pande zote mbili. Akapata 3x = 15, kisha x = 5, halafu ukamtaka airudishe 5 mahali pa x ahakikishe mwenyewe. Siku hizi hafungi daftari kabla ya kuhakiki.

Ila la pembetatu ndilo lililonigusa zaidi. Alikuwa amekariri kwamba pembe zake tatu zikijumlishwa ni nyuzi 180, sababu haijui. Ukamwambia achore mstari kupitia kipeo cha juu, sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zikajitokeza tena kule juu, kila moja ubavuni mwa ile ya tatu, zote zimejaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, yaani nyuzi 180. Alinichorea na mimi, akinieleza kwa sauti kama mwalimu!

Mungu akuzidishie elimu na subira. Asante sana, tena sana.