Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: Cheti cha ndoa kisiwe kinga ya ubakaji

Kwa Mheshimiwa Dorcas Oduor,
Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Sheria House, Harambee Avenue, Nairobi.

Mheshimiwa,

Kabla ya kuapishwa mwaka 2024, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, ulikuwa umeongoza mashtaka kwa miaka mingi. Sina haja ya kukueleza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha ya mlalamishi, ni nini, wala jinsi manusura anavyotetemeka katika kizimba cha mashahidi huku aliyemdhulumu akimkazia macho. Nakuandikia kuhusu sentensi moja tu ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006: kifungu cha 43, kifungu kidogo cha 5.

Kifungu hicho kinaeleza ni wakati gani tendo la ngono ni la kusudi na kinyume cha sheria: likifanywa kwa nguvu au vitisho, kwa hila, au kwa mtu asiyeweza kutoa idhini. Hapo hakuna ubaya. Kisha inakuja ile sentensi inayosema hayo yote hayawahusu watu waliooana kisheria. Mwanamume mwingine yeyote akibaka, adhabu yake haipungui miaka 10 na inaweza kufika kifungo cha maisha. Mume anaamka asubuhi, anakunywa chai, anaenda kazini.

Chukua wanawake wawili wanaoishi ploti moja huku Mathare. Mmoja anaishi na mwanamume bila harusi, bila mahari, bila cheti. Mwenzake alifunga ndoa pale pale Sheria House, mbele ya msajili wa ndoa. Wote wawili wakilazimishwa usiku mmoja, wa kwanza anaweza kumshtaki mwanamume wake kwa ubakaji. Wa pili, mwenye cheti, mlango umefungwa. Yaani karatasi tunayowahimiza mabinti zetu waitafute ndiyo inayowavua ulinzi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa jamii. Nimewahi kumsindikiza mama mmoja hadi kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi. Afisa alimpokea vizuri, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwamba mlalamishi amepigwa na mumewe. Michubuko ya shingo ikawa kesi ya shambulio. Yale mengine, ambayo mama huyo alikuwa amejikaza siku nzima ili aweze kuyatamka, hayakuandikwa popote. Simlaumu afisa yule. Angeandika nini, ikiwa sheria yenyewe haina jina la kosa hilo?

Wapo wasiofika hata huko. Mama ameshaambiwa na mashangazi, na mchungaji, na mzee wa mtaa kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, basi haoni sababu ya kwenda hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Saa hizo zinapita akiwa jikoni anapika, amefunika kombe mwanaharamu apite.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Serikali inalijua jambo hili. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja waziwazi dhuluma ya ngono ndani ya ndoa. Mama anaweza kwenda kortini akapewa amri ya kumlinda dhidi ya mumewe. Lakini anapewa amri ya kuzuia yasitokee tena mambo ambayo, kwa sheria ya 2006, hayakuwa ubakaji yalipotokea. Sheria mbili za nchi moja zinavutana, na anayeumia katikati ni yeye.

Kinga hii si mila yetu. Tuliirithi kwa Waingereza, nao wenyewe mahakama yao ya juu kabisa iliitupa mwaka 1991. Sisi tuliiandika miaka 15 baadaye! Rwanda ilifanya ubakaji katika ndoa kuwa kosa kwa sheria ya mwaka 2008.

Najua utaambiwa kwamba wake watawasingizia waume. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kifungu cha 38 cha sheria hiyo ya 2006, kilichomtisha mlalamishi kwa adhabu sawa na ya mbakaji endapo ingesemekana amedanganya. Bunge lilikifuta mwaka 2012. Mashtaka yaliendelea kuthibitishwa pasipo shaka yoyote ya maana, kama ilivyokuwa, na wasio na hatia waliendelea kuachiliwa. Mume anastahili ulinzi huo huo, si zaidi.

Katiba, kifungu cha 45(3), inawapa wanandoa haki sawa wakati wote wa ndoa. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake ambao Kenya iliuridhia mwaka 2010, inadai sheria dhidi ya ngono ya kulazimishwa iwe hadharani au faraghani, na hapo Kenya haikuweka pingamizi.

Januari 2024 tuliandamana jijini kupinga mauaji ya wanawake. Mwaka mmoja baadaye Rais aliunda jopo la watu 42 chini ya aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Nancy Baraza. Nalishukuru. Lakini wengi wa wanawake tunaowazika waliuawa na waume au wapenzi wao, na kabla ya kuuawa walikuwa wamevumilia mengi chumbani ambayo hawakuwa na pa kuyashtaki.

Ninayoomba ni mawili. Andaa mswada wa kufuta kifungu cha 43(5), uupeleke kwa Baraza la Mawaziri kisha Bungeni. Kutoka ofisini kwako ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Na ikiwa kabla ya hapo mtu atakwenda Mahakama Kuu kukipinga, nawe ukatakiwa kujibu kwa niaba ya Serikali, usikitetee.

Nitashukuru kupata jibu lako hadharani, nilisome pamoja na kina mama ninaowasindikiza.

Wako kwa heshima,
Msaidizi wa kisheria wa jamii,
Mathare, Nairobi