Kodi ya nyumba haipunguzi ushuru wa mpangaji

Mhariri,

Kila Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato ya mwaka), inapokaribia, foleni hurefuka kwenye saiba na uvumi ule ule hurudi: eti mpangaji akiandika kodi yake ya nyumba kwenye ritani atarudishiwa pesa. Harudishiwi. Sheria ya Ushuru wa Mapato haitoi nafuu yoyote kwa kodi ya makao, iwe ni bedsita ya Kasarani au jumba la Nyali.

Chanzo cha uvumi huu ni sehemu ya riba ya mkopo wa nyumba kwenye iTax (mtandao wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, wa kujazia ritani), ambamo baadhi ya wanaojazia watu ritani huingiza kodi. Sehemu hiyo ni ya aliyekopa ili anunue, ajenge au aboreshe nyumba anayoishi mwenyewe. Hata yeye huondolewa riba tu, si mkopo wenyewe, na kikomo ni Sh360,000 kwa mwaka (kilikuwa Sh300,000 hadi Desemba 2024). Fomu hutaka PIN (nambari ya mlipa ushuru) ya mkopeshaji na nambari ya akaunti ya mkopo, vitu ambavyo mpangaji hana. KRA ikiitisha cheti cha benki na kukikosa, hukokotoa ushuru upya na kuongeza riba ya asilimia 1 kila mwezi. Ikithibitika kwamba udanganyifu ulikuwa wa makusudi, adhabu ni asilimia 75 ya ushuru uliokwepwa. Anayedaiwa ni mwenye PIN. Kijana wa saiba keshalipwa chake.

Marupurupu ya nyumba nayo huwachanganya wengi. Kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe makao au pesa za kuyalipia, watu hudhani pesa hizo hazitozwi ushuru. Hutozwa zote. Mshahara wa Sh60,000 na marupurupu ya Sh15,000 ni Sh75,000 mbele ya KRA. Kumwomba mwajiri amlipe mwenye nyumba moja kwa moja hakusaidii: thamani ya nyumba huhesabiwa kuwa asilimia 15 ya mapato ya kazi au kodi anayolipa mwajiri, yoyote iliyo juu. Asilimia 15 ya Sh60,000 ni Sh9,000, kodi ni Sh15,000, kwa hiyo zinaongezwa Sh15,000 zile zile.

Nafuu ndogo ipo kwenye ada ya nyumba za bei nafuu, ile asilimia 1.5 ya mshahara wote. Tangu Desemba 27, 2024 ada hii huondolewa kabla ya PAYE (ushuru unaokatwa kwenye mshahara) kukokotolewa, na ile nafuu ya awali ya asilimia 15 ya ada ikafutwa. Kwa mshahara wa Sh60,000 ada ni Sh900, na kwa kuwa shilingi za juu za mshahara huo hutozwa asilimia 30, PAYE hupungua kwa Sh270. Tazama P9 yako, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka: ikiwa ada haikuondolewa kwenye mapato yanayotozwa ushuru, rudi kwa mhasibu wa kazini kabla ya kuwasilisha ritani.

Mpangaji wa duka au ofisi ana haki tofauti. Kodi ya mahali pa biashara ni gharama halali, mradi awe na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki). Tangu Januari 2024 gharama isiyo nayo hukataliwa. Anayelala chumba cha nyuma agawanye kodi na adai sehemu ya biashara pekee. Lakini anayelipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3 haondoi chochote, kwani hutozwa kwa mauzo ghafi.

Kuna pia wenye nyumba wanaoongeza “ushuru wa KRA” kwenye bili ya mwezi. Asilimia 7.5 ya kodi ya makao ni ushuru wa mapato ya mwenye nyumba (anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka), naye huulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akitaka kupandisha kodi apandishe kwa notisi, asijifiche nyuma ya KRA.

Aliyekwisha kuingiza kodi mahali pa riba asisubiri barua. Aingie iTax, achague ritani ya marekebisho ya mwaka husika, afute kiasi hicho, kisha atoe hati ya malipo na alipe tofauti mara moja, kwa sababu riba huhesabiwa hadi siku ya kulipa.

Mshauri wa ushuru,
Nakuru